Kabla ya Ule Mlima: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi Idrisa,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na mdogo wako ndiye atakayeichapa na kukutumia, kwa kuwa maneno niliyo nayo hayaenei katika ujumbe wa simu, na kila tukizungumza nakusikia unahema kwa baridi huku ukikimbilia basi la kwenda kazini.

Juzi ulinitumia habari ya rubani Mzungu, Thomas Hudner, aliyeiangusha ndege yake kwa makusudi juu ya mlima wa Korea ili akamwokoe mwenzake Mweusi aliyekuwa amebanwa ndani ya ndege iliyoanguka. Chini yake uliandika maneno matatu tu: "Watu wema wapo." Wapo, mwanangu, na wala sina ubishi na hilo. Lakini niliisoma ile habari mara mbili, na mara ya pili nilihesabu: jina la Hudner limo karibu katika kila aya, na jina la mwenzake limetajwa mara mbili, ya kwanza akiwa amebanwa na ya pili akiwa amekufa, kana kwamba alizaliwa ndani ya yale mabati. Mimi nimeshika spana chini ya ndege kwa miaka 34 na najua kwamba rubani hafiki juu ya mlima wa vita kwa bahati. Basi nikaanza kumtafuta huyu wa pili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake ni Jesse LeRoy Brown. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1926 huko Hattiesburg, jimbo la Mississippi, katika nyumba ya watoto sita, mama yake akiwa mwalimu na baba yake akiwa mtu wa kazi za ghalani na za kulima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mazao. Mtoto alikulia kwenye pamba na mahindi. Alipokuwa na miaka 6 baba yake alimpeleka kutazama maonyesho ya ndege, na tangu siku hiyo akawa habanduki kwenye kiwanja kimoja cha vumbi kilichokuwa karibu na kwao, ingawa fundi mmoja wa pale alikuwa akimfukuza. Habari ya huyo fundi imenichoma kidogo. Mimi pia nimewahi kuwafukuza watoto waliokuwa wakining'inia kwenye uzio kutazama ndege zikishuka, nikiona nimelinda usalama, na sasa ninajiuliza ni nani niliyemfukuza.

Alipokuwa akisambaza gazeti la Pittsburgh Courier, lililokuwa gazeti la Wamarekani Weusi, alikutana na habari za Bessie Coleman na za Eugene Bullard, watu weusi waliorusha ndege wakati ambapo nchi yao wenyewe haikukubali kuwafundisha. Mwaka 1937, akiwa bado mtoto, aliandika barua kwa Rais Roosevelt kulalamika kwamba jeshi la anga la nchi yake liliwafungia mlango marubani weusi. Ikulu ilimjibu kwamba imeyathamini maoni yake. Jibu la namna hiyo nalijua, nawe unalijua: ni la adabu na halifungui mlango wowote. Lakini mtoto wa mkulima wa Mississippi wa miaka hiyo kukaa chini na kumwandikia Rais, hilo peke yake lilihitaji moyo.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie wewe hasa. Mwaka 1944, alipomaliza sekondari akiwa wa pili katika darasa lake, Jesse Brown alipanda kwenda Columbus, Ohio, mji huo huo unaoishi. Alijiunga na Ohio State University kwa kuwa ndiko alikosoma mwanariadha Jesse Owens, aliyekuwa kipenzi chake, akachukua uhandisi wa majengo, na ili apate karo akaajiriwa na shirika la reli la Pennsylvania kupakia mizigo kwenye mabehewa, kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa sita ya usiku. Asubuhi alikuwa darasani. Uliponiambia mwezi uliopita kwamba mikono inakufa ganzi kwa maboksi, na kwamba msimamizi mmoja alicheka alipokuona unasoma michoro ya mitambo wakati wa mapumziko, sikuwa na la kukuambia, nikabadilisha mazungumzo nikakuuliza habari za chakula. Nisamehe. Baba akikosa jibu hukimbilia chakula. Leo angalau naweza kukuambia kwamba katika theluji hiyo hiyo yuko kijana aliyepita akiwa na uchovu huo huo.

Alipotaka kujiunga na mpango wa kuandaa maofisa wa Jeshi la Wanamaji alikatishwa tamaa kwa sababu ya rangi yake, akarudi tena na tena. Katika wanafunzi wapatao 5,600 waliokuwa katika mpango ule nchi nzima, weusi walikuwa 14. Mwezi Julai 1946 akapokelewa kwenye jeshi la akiba akilipwa dola 50 kwa mwezi, na hapo ndipo alipoweza kuacha kupakia mabehewa. Mwaka uliofuata aliitwa mafunzoni, kwanza Glenview karibu na Chicago, kisha Ottumwa katika jimbo la Iowa, kisha Pensacola, Florida. Huko kusini palikuwa na wakufunzi na wanafunzi wenzake ambao hawakuficha kwamba hawamtaki. Lilikuwepo pia sharti kwamba kuruta wa urubani haruhusiwi kuoa kabla hajahitimu, naye mwezi Oktoba 1947 akamwoa kwa siri Daisy Nix, mchumba wake wa tangu shuleni, akijua kwamba wakigundua watamtoa siku hiyo hiyo na wengi watafurahi. Mama yako amecheka sana aliposikia hapa, akasema kijana alikuwa na ujasiri wa angani na wa nchi kavu. Tarehe 21 Oktoba 1948 alivishwa mabawa ya dhahabu, Mmarekani Mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya msingi ya urubani katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwezi Desemba binti yao Pamela akazaliwa.

Naomba sasa unipe nafasi nizungumze kama fundi, kwa sababu waandishi wengi hupita mahali hapa mbio na ndipo penye uzito wote.

Ndege aliyopewa kurusha katika kikosi cha VF-32 ilikuwa Corsair, aina ya F4U-4. Injini yake ilikuwa ya silinda 18, zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, yenye nguvu za farasi zaidi ya 2,000. Pangaboi lake lilikuwa na upana wa mita nne kutoka ncha hadi ncha, na kwa sababu pangaboi refu namna hiyo lingekwangua ardhi, wabunifu waliyapinda mabawa yakashuka kwanza kisha yakapanda, mfano wa shakwe anapotaka kutua, ili miguu ibaki mifupi na yenye nguvu. Ni ndege nzuri kuitazama. Lakini rubani alikaa nyuma sana, na mbele yake palikuwa na pua ndefu iliyofunika kila kitu kilichoko mbele. Ukiwa na kiwanja cha kilomita mbili hilo si neno. Jesse Brown hakuwa na kiwanja. Alitua juu ya meli.

Meli yenyewe ni USS Leyte, manowari ya kubeba ndege, na sitaha yake ilikuwa ikipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Rubani wa Corsair hakuweza kuijia moja kwa moja kwa sababu pua ingeificha. Ilimbidi aje kwa kuzunguka, akiitazama kwa ubavu, huku akifuata ishara za mtu aliyesimama ukingoni na vibao viwili mikononi, na dakika ya mwisho anyooke, akate moto, aiache ndege ianguke ili ndoano ya mkiani inase waya uliotandikwa. Ukichelewa kukata, unavuka nyaya zote. Ukipunguza mwendo mno, bawa la kushoto linakata pumzi, yaani halibebwi tena na hewa, kabla ya la kulia na ndege inajipindua majini. Corsair iliua vijana wengi waliokuwa bado wageni nayo, hata ikapewa majina ya utani ya kutisha. Mtu anayeweza kufanya hivyo mara baada ya mara, katika bahari ya majira ya baridi, si mtu wa kutajwa tu pale alipobanwa.

Katika jeshi lile, mabaharia wengi weusi walikuwa wahudumu, wapishi na wafua nguo. Jesse alipoketi mezani pamoja na maofisa, waliomwandalia chakula walikuwa watu wa rangi yake. Jaribu kuifikiria meza hiyo, wewe ambaye unajua maana ya kuwa peke yako darasani. Rais Truman alikuwa ametoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini mwezi Julai 1948, lakini amri inafika haraka kuliko desturi inavyoondoka. Hudner mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba siku walipokutana kwa mara ya kwanza Jesse alimwitikia kwa kichwa bila kunyoosha mkono, kwani alikuwa amezoea kutowaweka Wazungu katika aibu ya kuamua kama wampe wao mkono au la. Hudner ndiye aliyevuka chumba akampa mkono. Hudner alitoka katika familia ya wafanyabiashara huko Fall River, Massachusetts, tena alihitimu chuo kikubwa cha maofisa wa majini, na kwa cheo alimzidi Jesse. Lakini walipokuwa hewani aliyeongoza alikuwa Jesse, kwa sababu alikuwa na saa nyingi zaidi za kuruka, na Hudner alimfuata ubavuni akimlinda. Hilo nalo ile habari yako haikulisema. Mzungu yule hakumwendea mtu dhaifu. Alimwendea kiongozi wake.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, jeshi la Kaskazini lilipovuka mpaka kuingia Kusini. Leyte ilikuwa bahari ya Mediterania. Ikarudishwa, ikapita mfereji wa Panama, na mwanzoni mwa Oktoba ikafika Japani na kuungana na kundi la manowari lililopewa namba 77. Kuanzia hapo Jesse Brown aliruka misheni 20 za vita. Kazi yao haikuwa ya kupambana na ndege nyingine, kama sinema zinavyopenda kutuonyesha. Ilikuwa ya kushuka chini, chini kabisa, kupiga madaraja, reli, magari ya mizigo na vikosi vya askari. Mwezi Novemba ndege za kundi lile zilitumwa kuvunja madaraja ya mto Yalu, ambao ng'ambo yake ni China, na marubani walikatazwa kugusa nusu ya daraja iliyo upande wa China. Mtu anatakiwa aje kwa kasi ile, huku akipigwa na mizinga iliyo ng'ambo asikoruhusiwa kurudisha, na ahakikishe bomu limeangukia nusu hii tu. Sijui nani aliyebuni kazi hiyo, lakini hakuwa rubani.

Sitakuficha jambo, kwa kuwa wewe si mtoto tena. Corsair ilibeba bunduki sita mabawani, roketi, mabomu, na napalmu, yaani petroli iliyogandishwa ambayo ikishika ngozi haizimiki. Waliokuwa chini walikuwa watu. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa China na wa Korea, waliozaliwa katika nyumba zisizo bora kuliko ile ya Hattiesburg, nao wana mama zao. Simtukuzi Jesse Brown kwa kuua. Ninachokuambia ni kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, na kwamba mwishoni mwa Novemba kazi hiyo ilibadilika sura.

Usiku wa tarehe 27 Novemba majeshi ya China, ambayo yalikuwa yamevuka milima kwa siri, yaliwazingira askari wa Marekani na wenzao wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa bwawa la Chosin, kaskazini ya Korea. Wachina walikuwa wengi kuliko wao kwa mbali sana. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Dawa za sindano ziliganda, bunduki ziligoma, vidole vya miguu vilikatwa. Njia ya kutokea ilikuwa barabara moja nyembamba ya mlimani iliyoshuka hadi bandari ya Hungnam, na vilima vya pande zote mbili vilikuwa mikononi mwa adui. Kilichoweza kuifungua barabara ile kwa haraka kilikuwa ndege. Basi marubani wa Leyte wakawa wanaruka kila siku ambayo mawingu yaliwaruhusu, na wakati mwingine hata yalipokataa, wakipita juu ya vichwa vya askari walioganda na kuwaondolea waliowazunguka.

Usiku wa tarehe 3 Desemba Jesse alimwandikia mkewe barua. Ndani yake alimweleza habari za wale askari walioko chini, na kwamba kila rubani melini alikuwa tayari kuruka mpaka aanguke kwa uchovu ili awasaidie. Hakuwa anaandikia magazeti; alikuwa anamwandikia Daisy, kwa mapenzi mengi ambayo mimi kama baba wa watu nimeona haya kuyasoma. Barua ile ilimfikia Daisy baada ya mwandishi wake kuondoka duniani. Ukitaka kujua utumishi wake ulikuwa nini, usiutafute kwenye nishani, utafute kwenye barua hiyo: aliwaita wale askari kwa huruma, na wengi wao, mwanangu, wasingekaa naye meza moja kule Mississippi.

Kesho yake, tarehe 4 Desemba 1950, ndege sita ziliondoka Leyte baada ya saa saba na nusu mchana, Jesse akiitwa kwa jina la Iroquois 13 katika redio. Walipita chini sana juu ya theluji wakitafuta vikosi vya adui magharibi ya bwawa. Wachina walikuwa na mbinu ya kulala ndani ya theluji kwa nguo nyeupe, kisha wote kwa pamoja wakaifyatulia bunduki ndege ikiwapita. Karibu na saa tisa kasoro dakika ishirini, mmoja wa wenzake akamwambia kwamba anaona mafuta yanavuja kutoka kwenye ndege yake. Risasi moja ilitosha. Nimeona mwenyewe kiwanjani jinsi bomba dogo lisilozidi kidole likipasuka linavyoiua injini kubwa kama nyumba. Ndege ikapoteza nguvu. Urefu wa kurukia kwa mwavuli hakuwa nao. Ardhi ya adui ilikuwa pande zote. Alichokifanya ni kile kile alichofundishwa: akatupa matangi ya nje na roketi, akachagua kijiwanja cheupe ubavuni mwa mlima, akaiteremsha Corsair ya tani kadhaa isiyo na injini juu ya theluji yenye miti na mawe chini yake. Ndege ilikatika mbele ya chumba cha rubani. Wenzake waliozunguka juu waliamini amekufa, mpaka kifuniko kilipofunguka na mkono ukapunga.

Huo mkono naurudia kila mara.

Yaliyofuata unayajua, kwa hiyo nitayapita upesi. Mguu wake ulibanwa gotini na mabati yaliyokunjika chini ya dashibodi, na moshi ukaanza kutoka. Hudner, bila kuomba ruhusa kwa mtu, akaishusha ndege yake kwa tumbo pembeni, akakimbia katika theluji, akamvika kofia na skafu aliyokuwa nayo, akafukia moto kwa theluji kwa mikono yake, akarudi redioni kuagiza helikopta ije na shoka na kizima moto. Luteni Charles Ward akaja na helikopta yake. Walipiga kwa shoka na shoka likadunda. Wakizungumza habari ya kumkata mguu kwa kisu, jua lilikuwa linazama na helikopta zile hazikuweza kuruka usiku. Hudner amesema miaka mingi baadaye kwamba katika muda wote ule Jesse ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wao wawili, na kwamba ujumbe alioutoa ulikuwa wa kumwambia Daisy kwamba anampenda. Kisha akanyamaza. Hudner akamwahidi kwamba watarudi, ingawa alijua kwamba huenda yule anayeahidiwa hasikii tena. Jesse alikuwa na miaka 24, umri utakaoutimiza wewe mwezi wa kumi.

Nahodha wa Leyte hakukubali kuhatarisha helikopta nyingine katika milima iliyojaa adui. Siku chache baadaye marubani wa kikosi chake waliruka hadi pale, na ili mwili usichezewe na ndege isiangukie mikono mingine, wakaiteketeza kwa napalmu, huku mmoja akisoma redioni sala ya Baba Yetu. Kilichokuwa silaha yake kikawa sanda yake. Sisi tungesema hakuoshwa, hakuswaliwa, hakuzikwa. Lakini waliomzika waliruka juu ya ardhi ya adui kuja kumzika, na Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Barabara ilifunguka. Walioteremka Hungnam walipakiwa melini hadi tarehe 24 Desemba: askari wapatao 100,000, na pamoja nao raia wa Korea wapatao 90,000 waliokimbia na watoto mgongoni. Sisemi kwamba Jesse Brown peke yake aliwaokoa. Nasema kwamba alikuwa miongoni mwa watu waliolipia njia hiyo, na katika Vita vya Korea alikuwa ofisa Mweusi wa kwanza wa Jeshi la Wanamaji la Marekani kuuawa.

Baada ya hapo dunia iliendelea kumkumbuka kwa namna yake. Tarehe 13 Aprili 1951 Rais Truman alimvisha Hudner Nishani ya Heshima, ambayo ni kubwa kuliko zote katika jeshi lao, na Daisy alikuwa pale akitazama. Jesse mwenyewe alitunukiwa Distinguished Flying Cross, nishani ya ushujaa wa angani. Mwaka 1973 manowari iliyopewa jina la USS Jesse L. Brown iliingia kazini. Baada ya miaka 21 ikastaafishwa na kwenda kwa Wamisri, wakaibadilisha jina ikaitwa Damiyat, ili ujue kwamba hata chuma hakidumu na jina. Daisy alisoma, akawa mwalimu, akaolewa tena, akaishi mpaka mwaka 2014. Na Hudner, sitamnyima haki yake, hakumsahau mwenzake. Mwezi Julai 2013, akiwa na miaka 88, alipanda ndege mpaka Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, kuwaomba watu waliokuwa adui zake wamruhusu akatafute mabaki ya Jesse. Mvua za majira zilikuwa zimeharibu njia, wakamwambia arudi msimu ukibadilika. Alifariki mwaka 2017, na Jesse bado yuko mlimani.

Kwa hiyo nilipokwambia kwamba sina ubishi na maneno yako matatu, nilimaanisha. Nilichotaka ni kuongeza mtu ndani ya ile habari, si kumtoa aliyemo.

Ipo picha moja ya Jesse ambayo mdogo wako ameichapisha, nami nimeibandika juu ya meza yangu ya ufundi, pale palipokuwa na kalenda. Amekaa ndani ya Corsair, katika chumba cha rubani, karibu na mwaka ule ule wa 1950. Ukiitazama bila kujua mwisho wake unaona rubani aliye kazini, basi. Nakutumia nakala pamoja na barua hii.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama lile koti la sufu limefika. Shangazi yako naye yupo hapa, anasema usiache kupiga simu kwa bibi siku ya Ijumaa. Ukitoka kazini usiku wowote, hata kama kwetu ni alfajiri, nipigie. Mimi huwa nimeshaamka.

Ni mimi baba yako,
Tanga